Namna ya kutengeneza yai na mbegu ya kiume kwa choroko, matambara na uzi wa nyavu

Wadau wa bayo, hasa nyie mnaofundisha tuisheni, hii ni yenu. Mi nipo Ujiji hapa Kigoma, jioni nakaa barazani na watoto wa fomu thri na fomu foo, na kila mwaka tukifika mada ya uzazi nawaambia wachore mbegu ya kiume na yai bila kufungua daftari. Wanachora yaleyale, mbegu kubwa sawa na yai, mwingine anaiwekea na macho kama kiluwiluwi, ukimuuliza anakwambia ticha si ndo zilivyo kwenye kitabu. Macho kayatoa kwake ila ukubwa hajakosea kunakili, vitabu vingi vinaweka michoro miwili kando kando na yote imejaa ukurasa.

Basi nikaacha kuchora tukaanza kutengeneza. Kila kitu kinakuzwa mara 1000, yaani milimita moja ya kweli inakuwa mita moja, hata asiyependa hesabu hapo hapotei.

Anza na yai. Lenyewe lina kama milimita 0.12, ni nukta tu, mwenye macho mazuri anaweza kuliona bila hadubini, likikuzwa linakuwa sentimita 12. Chukua matambara na magazeti ufunge kama mpira wa chandimu, ila rambo (mifuko ya plastiki) usiweke, zilipigwa marufuku 2019 na mtoto akienda nazo shule utamtafutia kesi bure. Kabla hujafunga tambara la mwisho weka kifundo cha vipande 23 vya uzi mwekundu, hizo ndo kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, nusu ya 46 za seli ya kawaida, na usizizamishe katikati, ziweke karibu na ukingo kwasababu kwenye yai lililopevuka ndo zinakokaa, tena zimesimama katikati ya mgawanyiko wa pili wa meyosisi (mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kuwa nusu) zinasubiri mbegu iingie ndo zimalizie. Hii ya kusubiri, mtoto mwenye akili lazima aulize, jiandae.

Matambara yote yaliyobaki ni saitoplazimu, ule ute unaojaza seli. Hapo ndo pa kukaa muda mrefu, maana swali la "kwanini yai ni kubwa" halikosi kuulizwa. Yai halitembei lenyewe, linasukumwa na vinyweleo na misuli ya mrija wa uzazi, kwahiyo halihitaji mkia, kazi yake ni kubeba chakula na mitokondria (vinu vya nguvu vya seli) za kutosha kuendesha kiinitete karibu wiki nzima mpaka kijipachike kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Ni msafiri wa treni ya kwenda Tabora aliyejifungia ugali na migebuka yake kabisa, hategemei cha kununua njiani.

Juu ya mpira zungushia sponji la godoro bovu, unene sentimita moja na nusu. Hiyo ni zona pelusida, ndo inayoishika mbegu ya binadamu na kukataa ya kiumbe kingine, na mbegu ya kwanza ikishaingia yai linamwaga kemikali zinazoibadilisha hiyo zona ili nyingine zisipite. Nje yake bandika punje za mahindi kwa gundi, zijae kabisa, ni seli za korona radiata zilizokuwa zinalihudumia yai likiwa kwenye ovari.

Sasa mbegu. Watoto wanakuja na mawe, wengine viazi, mi nawapa punje moja ya choroko. Kichwa cha mbegu kina urefu wa kama milimita 0.005 kwahiyo kwenye kipimo chetu ni milimita 5, choroko imetosha kabisa. Nusu ya mbele na kuzidi kidogo paka rangi ya kucha, hiyo ni akrosomu, kofia yenye vimeng'enya vya kupenyea zile tabaka za yai. Ndani ya choroko ni kiini chenye kromosomu 23 zilizobanwa sana, hakuna chakula, hakuna nafasi.

Nyuma yake gundisha uzi wa kushonea nyavu, Kibirizi wavuvi wanakupa vipande bure ukiomba vizuri, urefu sentimita tano na nusu. Milimita 5 hivi za mwanzo zungushia waya mwembamba wa shaba wa koili ya redio mbovu, ubane kama springi. Ndo mitokondria, na kweli zimejipanga kwa kujizungusha hivyohivyo, zinatoa nguvu ya kuupiga mkia. Injini ya boti ukiitaja hapa hakuna mtoto wa Kigoma asiyeelewa. Ila waambie mapema kwamba mitokondria za baba zikiingia kwenye yai zinaharibiwa, zile tunazobaki nazo ni za mama.

Weka choroko yenye mkia kando ya ule mpira wa mahindi afu nyamaza. Mara ya kwanza kuna kijana alisema ticha hii si haki.

Wakishacheka watoe nje wapime. Kutoka mlango wa mfuko wa uzazi mpaka yai lilipo kwenye mrija ni kama sentimita 15, kwahiyo kwetu ni mita 150, zaidi ya uwanja mzima wa mpira, na anayekwenda ni huyo wa sentimita 6. Mbegu zinaanza mamilioni zinafika mia chache, na yai linasubiri saa 24 tu hata zisifike, wakati mbegu zinaweza kuishi humo hadi siku 5.

Kitu kimoja nasisitiza japo mtihani hauulizi sana. Yai lina kromosomu X siku zote, mbegu ndo zina X au Y, ya X inaleta binti, ya Y mvulana, sasa kuna mama mtaani kwetu alisemwa miaka kwa kuzaa mabinti watupu na mumewe akawa anakaa kimya tu, binti yake alipotoka kwangu na choroko mbili, moja ameiandika X nyingine Y, akaziweka mezani mbele ya baba yake.

Kuhusu kutunza, usiache hilo yai sakafuni, litundike. Langu la mwaka jana panya walikula korona radiata yote usiku mmoja.