Tachi inasumbua? Ipime mwenyewe kabla ya kununua kioo

Simu nyingi tunazoletewa sisi mafundi wa Darajani, Unguja, kwa maelezo kuwa "tachi imekufa" hazina tachi (sehemu inayohisi kidole) iliyokufa. Mtu ameshajitayarisha kulipia kioo kizima, kumbe shida ni chaja, chumvi au protekta. Inaniuma kuona pesa ikipotea hivyo, na kipimo chenyewe unaweza kukifanya nyumbani bila kifaa chochote.

Kwanza ujue kinachotokea ukigusa

Chini ya kioo cha juu kuna mistari myembamba ya madini yanayopitisha umeme na mwanga pia; ni mchanganyiko wa indiamu, bati na oksijeni. Mingine imekwenda wima, mingine imelala, kama ukili wa jamvi. Kila inapokutana pana chaji ndogo ya umeme, na chipu hupima makutano yote hayo mara 60, 120 au zaidi kwa sekunde. Mwili wa mtu una maji na chumvi, kwa hivyo unapitisha umeme. Kidole kikifika, huvuta chaji kidogo; chipu inaona imepungua, inalinganisha na makutano ya jirani, inajua umegusa wapi.

Nguvu haimo kabisa. Kugandamiza hakusaidii kitu. Shika kipande cha ndizi mbivu ukiguse nacho kioo: simu itaitika. Shika kijiti kikavu: kimya. (Skrini za kubonyeza, zinazokubali hata kucha, bado zipo kwenye baadhi ya mashine za zamani. Hizo ni nyengine.)

Hatua ya 1: Chomoa chaja

Simu inajiandikia, inafungua vitu peke yake? Chaja duni haichuji umeme vizuri. Vurugu za umeme zinaingia kwenye simu na chipu inazisoma kama vidole. Chomoa, izime uiwashe, itumie kidogo. Ikitulia, badilisha chaja.

Hatua ya 2: Toa chumvi

Hapa kisiwani hii ndiyo kubwa. Wavuvi na kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanaijua: mkono umetoka baharini, simu haisikii. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno. Tone moja linaweza kusomwa kama kidole, na utando wa maji huunganisha makutano mengi kwa pamoja hata chipu isijue ishike lipi. Tena yakikauka, chumvi inabaki, nayo hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo maana simu iliyokuwa salama mchana wa jua inaweza kuanza vituko usiku, au masika.

Zima simu. Lowesha kitambaa laini kwa maji matamu, ukikamue hasa, kisha futa taratibu, zaidi pembezoni kioo kinapokutana na fremu. Usianze na kitambaa kikavu. Punje za chumvi na mchanga zitakwaruza. Malizia kwa kikavu, na mikono yako ikaushe pia.

Hatua ya 3: Bandua protekta

Ikiwa nene mno au imeingia hewa, inakiweka kidole mbali na mistari. Itoe, jaribu.

Hatua ya 4: Chora

Shika aikoni moja, iburute skrini nzima, mstari baada ya mstari, bila kuinua kidole. Aikoni ikidondoka pahali palepale kila ukipita, hapo tachi ina kasoro kweli. Kama ni ukanda mzima kutoka ukingo hadi ukingo, pengine ni mstari uliokatika, au fleksi (utepe mwembamba unaounganisha tachi na simu) imelegea tu baada ya simu kuanguka. Mwambie fundi aangalie fleksi kwanza. Huenda usihitaji kununua chochote.

Hatua ya 5: Ikibidi kubadilisha

Uliza kama tachi na skrini inayoonyesha picha kwenye simu yako zinatengana. Kwenye simu nyingi za sasa viwili hivyo vimeunganishwa, kwa hivyo hubadilishwa vyote pamoja na bei hupanda. Kioo cha juu kikipasuka lakini aikoni ikapita kote, tachi bado nzima.

Kabla fundi hajatia gundi, mwombe achomeke fleksi ya kioo kipya na awashe simu. Rudia kuchora, kisha chomeka chaja yako uchore tena.