Katoka Thailand, anakohoa, TB haionekani: fikiria melioidosisi

Madokta wenzangu, huu ugonjwa unatupita hivihivi. Mtu kaenda Bangkok kufuata mzigo, akapitiliza hadi Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, masika yao, kakanyaga matope na ndala, karudi nyumbani wiki ya pili homa na kikohozi, eksirei ina tundu sehemu ya juu ya pafu na kila mtu wodini anasema TB hiyo. GeneXpert, kipimo cha TB cha makohozi, hakuna kitu. Usikimbilie kumwanzishia dawa za TB kwa kubahatisha, muulize kwanza alipita wapi na kama ana sukari. Sukari ndo mlango mkubwa, halafu pombe nyingi na figo mbovu.

Mdudu ni Burkholderia pseudomallei, anakaa kwenye udongo na maji, Thailand kaskazini-mashariki na Darwin kule Australia ndo kwake haswa. Dalili mara nyingi zinaanza ndani ya wiki 3, ila anaweza kujificha hata miaka.

Kipimo ni kuotesha mdudu maabara. Chukua damu, makohozi, mkojo, swabu ya koo, na usaha kama kuna jipu, vyote hata kama ni kifua tu kinachosumbua. Na piga simu maabara kabla sampuli haijafika jamani! Kwanza ni hatari kwao, wasije wakafungua sahani ya kuoteshea mezani na kuinusa, pili wasipoambiwa wataandika Pseudomonas au uchafu tu, wanatupa. Mdudu akigomea jentamisini na kolistini lakini ko-amoksiklavu inamuua, shtuka. Wakikosa mara ya kwanza rudia.

Seftriaksoni yetu ya kila siku hapa haifai. Seftazidimu gramu 2 kila saa 6 kwenye mshipa, au meropenemu gramu 1 kila saa 8 kama yuko hoi, siku 14 kwenda mbele, figo zikiwa mbovu punguza dozi. Homa inaweza kukaa zaidi ya wiki, usibadilishe dawa kisa ndugu wanalalamika, bora upige altrasaundi ya tumbo uangalie ini, wengu na tezi dume.

Kisha septrini (ko-trimoksazoli) miezi 3. Mtu wa zaidi ya kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 480 kila saa 12, atadhani umekosea kuandika, kwa hiyo mweleze mbele ya anayemuuguza, pima figo na potasiamu mara kwa mara, na mwandikie tarehe ya kumaliza kwenye kadi maana wengi wakipata nafuu wanaacha, na homa inarudi.