Somo: Kuandaa kabati la nguo kabla ya masika

Katika mwambao wetu, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, mvua za masika hunyesha kwa kawaida kati ya Machi na Mei, na katika miezi hiyo nguo huharibiwa na unyevu kuliko kitu kingine chochote. Kuvu huota pale ambapo unyevu wa hewa unadumu juu ya takribani asilimia 70, na kabati lililofungwa siku nzima huku mgongo wake umegusa ukuta wa nje hufikia kiwango hicho kwa urahisi. Kazi hii basi ifanywe Februari, wakati jua la kaskazi lingali kali.

Hatua ya kwanza. Toa nguo zote, hata zile za chini kabisa, kisha tenga zitakazovaliwa wakati wa mvua na zitakazohifadhiwa. Hapa usikawie.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ni kufua na kukausha. Nguo iliyovaliwa mara moja tu na kurudishwa kabatini ina jasho na mafuta ya mwili, na hayo ndiyo chakula cha kuvu. Kanzu na mashuka yaliyotiwa wanga yafuliwe mpaka wanga utoke, kwa kuwa mende nao huupenda. Anika juani, ukigeuza nguo za rangi ndani nje zisipauke, na kabla ya kuanua shika kola, mishono ya kwapani na mkanda wa kiunoni: kitambaa kinaweza kuwa kikavu ilhali sehemu hizo bado zina ubaridi wa maji. Ukipiga pasi, acha nguo ipoe kabisa kabla ya kuikunja, kwa sababu mvuke wa pasi hubaki ndani ya mikunjo.

Hatua ya tatu. Futa kabati kwa kitambaa chenye siki, liache wazi mpaka likauke, kisha lisogeze mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma yake. Kabati la mbao za kushindiliwa linahitaji uangalifu zaidi, maana hunyonya maji kutoka sakafuni na kuvimba. Liinue juu ya vipande vya mbao.

Hatua ya nne. Panga bila kushindilia. Nguo za kuhifadhiwa, kama vile masweta na suti, zifunikwe kwa shuka la pamba, si mfuko wa nailoni, ambao huzuia unyevu kutoka. Viatu vya ngozi vikae juu, mbali na sakafu. Siku ya jua ikipatikana katikati ya masika, fungua milango ya kabati kwa saa chache.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, kufukiza udi kunatosha kuzuia uvundo?
Jibu: Udi hupendeza, nami siuachi, lakini hauondoi unyevu, nguo mbichi iliyofukizwa itanukia leo na kuvunda keshokutwa. Fukiza nguo iliyokwisha kukauka.

Swali: Nimeambiwa niweke mchele kwenye kitambaa ili unyonye unyevu. Ni kweli?
Jibu: Hunyonya kidogo sana, halafu huleta fukusi. Tumia vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya, ingawa kabati zima huhitaji vingi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mjukuu mchanga, na nguo zake nimezihifadhi pamoja na vidonge vya nafthalini, vile vyeupe vya kufukuza wadudu. Kuna ubaya?
Jibu: Marahaba, mama. Ubaya upo, na ni mkubwa. Mvuke wa nafthalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga, hasa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si nadra katika maeneo yenye malaria. Ondoa vidonge hivyo, fua nguo zote pamoja na blanketi, zianike juani mpaka harufu iishe kabisa, na usimvishe kabla ya hapo. Iwapo alikwisha kuzivaa na sasa anaonekana amepauka, macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa mweusi, mpeleke hospitali leo, na umweleze daktari kuhusu vidonge hivyo.