Jinsi ya Kupima Mvutano wa Dunia na Msuguano kwa Baiskeli Yako

Baiskeli inaposhuka mteremko bila mwendeshaji kukanyaga pedali, kinachoisukuma mbele ni mvutano wa dunia, na kinachoirudisha nyuma ni ukinzani wa tairi barabarani, msuguano wa gololi ndani ya magurudumu na hewa inayopasuliwa na mwili wa mwendeshaji. Vitu hivi vinaweza kupimwa bila maabara. Unachohitaji ni baiskeli yenye breki nzima, chaki, utepe wa kupimia, pampu, na mahali pasipopita magari ambapo mteremko mfupi unaishia kwenye tambarare ndefu.

Chagua mteremko mdogo, ambao kimo chake kutoka juu hadi kwenye tambarare ni nusu mita hivi. Kimo hicho kipime kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kama wanavyofanya mafundi wa ujenzi, kwa sababu macho hudanganya sana kwenye miinuko. Weka alama ya chaki pale juu, simamisha gurudumu la mbele juu ya alama hiyo, kisha achia breki bila kujisukuma wala kukanyaga. Baiskeli itashuka, itaingia kwenye tambarare na hatimaye itasimama yenyewe. Weka alama hapo iliposimama, upime umbali wote. Rudia mara kadhaa ukiwa umekaa vilevile, siku isiyo na upepo. Uzuri wa kuanzia juu ya mteremko ni kwamba mvutano unakupa nishati ileile kila mara, jambo ambalo miguu haiwezi kukuhakikishia.

Sasa gawa kimo kwa umbali. Ikiwa umeshuka nusu mita na kusafiri mita 40, jibu ni 0.0125, maana yake ni kwamba vizuizi vyote kwa pamoja vilikuwa, kwa wastani, kama asilimia 1.25 ya uzito wako na wa baiskeli. Kwa jumla ya kilo 80, ambazo dunia huzivuta kwa nguvu ya nyutoni 784 hivi, hizo ni karibu nyutoni 10.

Ukishapata kipimo cha kwanza, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Punguza upepo wa tairi kiasi, kisha uujaze tena bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na utaona umbali ukipungua na kuongezeka. Tairi laini hubonyea sana inapogusa barabara, na kila inapobonyea na kurudi, sehemu ya nishati hupotea kama joto; kwa hiyo ukinzani huu si wa kusuguana hasa, ingawa watu wengi huuweka katika kundi hilo. Jaribu pia kwenye changarawe, ambako tofauti huwa kubwa kuliko watu wanavyotarajia.

Majaribio mawili yanastahili uangalifu zaidi. La kwanza ni kuongeza mzigo. Wengi hudhani baiskeli nzito itakwenda mbali zaidi sana, au itasimama mapema, lakini umbali hubadilika kidogo tu, kwa kuwa uzito unapoongezeka, nguvu inayoivuta chini na ukinzani wa tairi huongezeka pamoja. Hewa ndiyo haijali uzito, na hiyo ndiyo sababu kwenye mteremko mrefu wa kasi kubwa mwendeshaji mzito humwacha mwepesi. La pili ni kupaka mnyororo mafuta. Katika jaribio hili mafuta hayo hayatakuongezea umbali wowote, kwa sababu usipokanyaga mnyororo hausogei. Faida yake huonekana unapokanyaga, na njia rahisi ya kuutambua mnyororo mkavu ni kuinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kwa mkono.

Kupanda ni hesabu nyingine kabisa. Kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, kilo zilezile 80 hurudishwa nyuma kwa nguvu ya nyutoni 39 hivi, mara kadhaa ya ukinzani wa tairi nzuri kwenye lami. Hapo pampu na mafuta havitakuokoa sana. Kitakachosaidia ni kushusha mzigo na kutumia giya nyepesi. Giya haipunguzi kazi ya kupandisha uzito huo, bali huigawa katika mizunguko mingi ya pedali ili kila mzunguko uhitaji nguvu ndogo.

Hata hivyo, usiuchukie msuguano. Gurudumu la nyuma husukuma barabara kuelekea nyuma, na ni msuguano unaoiwezesha barabara kulisukuma mbele; kwenye utelezi wa matope gurudumu huzunguka mahali pamoja. Breki nazo hutegemea sehemu mbili za msuguano: raba ikiishika ringi, na tairi ikiishika barabara. Tairi inayoendelea kuzunguka huishika barabara vizuri kuliko iliyofungwa na kuburuzika, kwa hiyo kaza breki taratibu na uilegeze mara unapohisi gurudumu linateleza. Kwa kuwa uzito huhamia mbele unapofunga breki, gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha, ila ukilikaza ghafla utarushwa juu ya usukani. Sukuma makalio nyuma kidogo na utumie breki zote mbili.

Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huwa mara nne: breki zinazokusimamisha ndani ya mita 3 kutoka kilomita 20 kwa saa zitahitaji mita 12 kutoka kilomita 40, bila kuhesabu muda wa mkono kuifikia breki. Kwenye mteremko wa asilimia 5, mvutano hukunyang'anya karibu sehemu ya kumi ya uwezo huo, na barabara yenye maji hukunyang'anya zaidi. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, kwa kuwa ndani ya kona tairi tayari inatumia msuguano wake kukugeuza, na uliobaki kwa ajili ya breki ni mdogo.