Gitaa la mwanafunzi: lipia uso, mengine yapunguze

Kila Januari wazazi hunipigia simu: "Mwalimu, nimeliona gitaa zuri hapa, linang'aa kweli. Nimchukulie mtoto?" Nafundisha gitaa la klasiki hapa Mombasa, na jibu langu ni lile lile. Kung'aa ni vanishi. Uso wake ni wa mbao gani?

Uso ni ule ubao wa mbele wenye tundu. Nyuzi hutikisa uso, uso hutikisa hewa, na sauti nyingi hutoka hapo. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Almería kule Hispania aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua, alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao safi, lakini mbavu na mgongo wa kadibodi, ili waliombishia kwamba sauti ni uso wasikie wenyewe. Limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Mimi hoja hiyo niliielewa Granada, huko huko Hispania, nilipopanda Cuesta de Gomérez, ule mtaa wa mlima wenye karakana za magitaa unaokwenda kasri la Alhambra. Nilikuwa nawatafutia wanafunzi wangu magitaa matatu na mfuko wenyewe haukuwa mzito. Niliingia kwa mzee mmoja anayefanya kazi na wanawe wawili, chumba kizima kinanukia mwerezi. Akatwaa ubao usiofika milimita tatu, akaushika kona kwa vidole viwili, akaugonga konzi. Ukalia, ukaendelea kulia. Akagonga wa pili: kama kugonga daftari. Ule uliolia akauweka kwenye rafu ya magitaa ya wanafunzi! Kumbe pembeni ulikuwa na michirizi ya kahawia, na mteja wa gitaa la bei kubwa huikataa kwa macho.

Basi ukifika kwa fundi, usianze na bei. Muulize amepunguza wapi. Akisema mgongo na mbavu ni plaiwudi, au sapele badala ya mbao za fahari, sawa. Pambo la kuzunguka tundu amelinunua tayari, sawa. Vanishi amepuliza kwa mashine badala ya kuisugua kwa kitambaa wiki nzima nzima, sawa pia, tena hiyo huvumilia jasho la mtoto. Ila uso wa plaiwudi, hapana.

Utaujuaje? Mulika tochi ya simu kwenye ukingo wa tundu. Mistari ya mbao ikishuka kutoka juu hadi ndani bila kukatika, huo ni ubao mmoja. Ukiona matabaka kama ya kaki, ni plaiwudi. Ukingo ukipakwa rangi nyeusi, mimi huingiwa na shaka.

Vipimo usivikisie. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani, kile kipande kilichogandishwa usoni kinachoshika nyuzi, ni milimita 650 kwa mtu mzima. Mwenye mkono mdogo atafurahia 630 au 640, na mtoto wa miaka minane au tisa hutosheka na takriban 580. Nenda na rula. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), uzi mnene uwe juu ya freti kwa kama milimita 4, mwembamba 3. Ukizidi hapo sana, mtoto ataumia vidole na lawama atapewa mwalimu. Halafu gusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo hiyo ya 12 utoe ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze pale pale. Sauti mbili zikitofautiana, gitaa litakuwa linadanganya sikio la mwanafunzi kila siku.

Nyuzi ni za nailoni. Mwanafunzi wangu mmoja alifungiwa za chuma na mjomba wake, "zisikike". Usiku daraja likang'oka na kipande cha uso.

Sasa jambo ambalo fundi wa Granada hatalikumbuka usipomwambia: unakolipeleka gitaa. Kwao hewa ni kavu, kwetu Pwani ni ya unyevu. Mbao hunywa unyevu, uso unavimba, nyuzi zinapanda. Ukikaa bara penye ukavu mambo hugeuka, uso husinyaa na unaweza kupasuka. Liweke kwenye kasha lake, mbali na dirisha na kiyoyozi.

Nilipomweleza mzee, alicheka, akachonga kipande cha pili cha ule mfupa unaokaa darajani chini ya nyuzi, kifupi kuliko cha kwanza. Akachonga hivyo kwa magitaa yote matatu bila kuongeza bei. Kuvibadilisha ni kulegeza nyuzi, kuchomoa, kuchomeka. Vile vifupi nimeviandika "Mei" kwa penseli, maana masika ikishika Mombasa ndipo wanafunzi huanza kulalamika vidole.