Kifaa cha wanamaji kutoka karakana ya watu wanne

Nina karakana Shimanzi, hapa Mombasa, nyuma ya maghala. Tuko watu wanne. Nilisoma umeme kwenye chuo cha Tudor wakati bado ni Politekniki, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio na vipima-kina vya mashua za wavuvi. Siku hizi tunaunda boya linalopima kasi ya maji na kiza chake huko chini, ili mzamiaji ajue wakati wa kushuka. Vijana wengi wananiuliza mtu mdogo anaingiaje kazi za utafiti wa jeshi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Tafuta shida yenye mwenyewe. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, likazama na mama na mtoto wake. Wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji na wenzao walihangaika mpaka tarehe 11 Oktoba ndipo likatolewa, mita 58 chini. Siku zile nilisimama kivukoni na watu wengine, na kila jioni nilisikia mambo mawili yaleyale: kuna kiza, na mkondo una nguvu. Boya letu lilizaliwa hapo. Kwa hiyo kabla hujagusa waya, andika ukurasa mmoja unaoeleza shida peke yake, bila kutaja kifaa chako hata mara moja. Ni nani anayeumia? Wapi, saa ngapi, na sasa hivi anafanya nini? Kisha mpe ukurasa huo mzamiaji mstaafu au nahodha wa tagi, ile mashua inayovuta meli. Akisema "siyo hivyo", umeokoa mwaka mzima. Usiende kuzungukazunguka Mtongwe, kwenye kambi ya wanamaji, na kamera ukidhani unafanya utafiti. Kambi ni eneo lililolindwa, na utaharibu jina lako kabla hujaanza.

Gawanya kazi kwa hatua kama Wamarekani. Wenzetu wana mpango uitwao SBIR. Wazo lilianzia mwaka 1977 katika shirika lao la sayansi, NSF, chini ya Roland Tibbetts, likawa sheria mwaka 1982. Idara kubwa za serikali hulazimika kutenga sehemu ya bajeti yao ya utafiti kwa kampuni ndogo, na Wizara ya Ulinzi ndiyo inayotoa nyingi kuliko zote. Hatua ya kwanza unalipwa kuthibitisha kwamba wazo linawezekana, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Hatua ya pili, kama miaka 2, unaunda sampuli inayofanya kazi. Ya tatu unauza, na fedha za mpango hazimo tena. Serikali haichukui hisa. Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, ilipokuwa changa ilipita njia hiyo.

Wewe wa Mombasa huwezi kuomba: kampuni lazima iwe ya Kimarekani, zaidi ya nusu ya umiliki iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa kule, na wafanyakazi wasizidi 500. Lakini mpangilio ule hauna kizuizi, uchukue. Sisi tulikubaliana kwamba hatua ya kwanza haitazidi miezi 6, na itajibu swali moja tu: je, sanduku linalobeba vipimo vya boya letu litakaa kavu mita 60 chini?

Pima kwa ukali hapo hapo karakanani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaangukia hapa. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa inayotuzunguka. Mita 60 ni karibu kilo 6 juu ya kila sentimita mraba. Huhitaji maabara. Tulikata bomba nene la chuma, tukachomelea kitako upande mmoja na flanji (ukingo wa kufungia bolti) upande wa pili, tukaunga pampu ya mkono ile ya mafundi bomba ya kupimia uvujaji. Jaza maji mpaka hewa yote itoke. Usijaribu kamwe kwa hewa ya kompresa. Bomba likipasuka na hewa ndani linaua.

Ndani ya sanduku weka karatasi ya shashi uliyoichora mistari kwa kalamu ya wino. Lipime kwenye mzani wa jikoni, andika gramu. Lishindilie kwa mgandamizo wa mita 90, kulipita lengo lako mara moja na nusu, uliache usiku kucha. Asubuhi likaushe vizuri kwa nje, lipime tena. La kwanza letu liliongezeka gramu 11. Kwa macho lilikuwa kavu kabisa, ila wino ulikuwa umetawanyika pembeni pale waya unapoingilia. Mpira wa kuzibia haukuwa na kosa. Tulikuwa tumeukaza waya ukiwa umepinda. Mzani ndio uliotuambia, mimi ningeapa kwamba liko sawa.

Bolti nazo: stenlesi ya 304 inaliwa na chumvi yetu. Nunua 316, hata ikikuuma.

Yote hayo yaandike kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa: tarehe, saa, nani aliyekuwepo, kilichoharibika. Afisa akikuuliza "umejuaje?", unafungua ukurasa.

Linda wazo kabla ya kulionyesha. Naandika hili kwa uchungu. Kampuni moja kubwa ilituita kwa mazungumzo, nikaacha michoro yetu mezani kwao kwa wiki mbili bila kutia sahihi karatasi yoyote ya siri. Baadaye niliona kifuniko chetu, na kasoro yake ya kona, kwenye pendekezo lao. Peleka maombi yako kwanza KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Hataza (patent) inalinda miaka 20. Cheti cha modeli ya matumizi kinalinda miaka 10, na kwa maboresho madogo kama ya kwetu kinatosha.

Karatasi nyingine ni za kawaida: usajili na CR12 (hati ya wakurugenzi na wenye hisa) kupitia eCitizen, cheti cha kodi cha KRA, na AGPO, mpango wa zabuni za makundi maalumu, kama ninyi ni vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, maana asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengwa kwenu. Kifaa kikirusha mawimbi ya redio, kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kikiruka, ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Ingia na mtafiti. Zabuni hununua vitu vilivyokwisha kuundwa. Utafiti hupita zaidi mlango wa chuo. Nenda chuo kikuu kile kile cha Tudor, au KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, mkaombe pamoja kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi. Wao wana takwimu za maji na majina yanayoaminika. Nyinyi mna mikono. Kubalianeni kwa maandishi nani anamiliki nini, hata kama ni ndugu yako.

Amueni pia mapema kile msichokubali kuunda. Sisi tulisema tunaunda vifaa vya kuokoa na kutafuta tu, tukakiandika kwenye katiba ya kampuni. Tumepoteza kazi moja kwa sababu hiyo, na sijuti.

Siku ya maonyesho. Beba vifaa viwili vinavyofanana, betri tatu zilizochajiwa, na kamba ndefu kuliko unavyodhani. Acha kompyuta ifungue takwimu za jana kabla hujashusha kitu. Na wakikuuliza lini, usikubali tarehe kabla hujaangalia jedwali la maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake hauna huruma. Omba siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, nusu saa kabla maji hayajasimama, ili waone boya likihesabu kasi ikishuka mpaka mzamiaji aingie.