Kupiga Picha Maji Yanayoporomoka Kwenye Miamba ya Shangani, Mtwara

Kilimanjaro kuna Materuni, Rukwa kuna Kalambo yenye kimo cha zaidi ya mita 200. Sisi wa Mtwara mjini tuna bahari, na pale Shangani kila wimbi linaporudi linamwaga maporomoko yake madogo juu ya miamba kwa sekunde mbili tatu, kisha basi. Mbinu ya kuyapiga ni ileile ya milimani, ila huku maji hayakusubiri.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya jua

Wengi huangalia saa ya macheo tu, wakifika wanakuta maji yameshafunika kila kitu au yameenda mbali. Chagua siku za bamvua: siku mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada yake. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Kwa hiyo saa 12, mwanga ukiwa bado laini, maji ndiyo yanaondoka, miamba inaanza kutoa vichwa, na mawimbi bado yana nguvu ya kuirukia. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, hivyo ratiba ya wiki iliyopita haikufai wiki hii. Ukiwa na shaka muulize mvuvi: "Shikamoo mzee, leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kushika kalenda.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mimi siendi. Asubuhi hizo maji yanajaa, na yanakufuata ulipo.

Hatua ya 2: Simamisha stendi juu ya jiwe

Niliwahi kuchimbia miguu ya stendi mchangani nikaamini imeshika. Kila wimbi lililopita lilikomba mchanga chini ya mguu mmoja, kamera ikazama kidogo sana shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ikiwa wazi, na picha za asubuhi nzima zikatoka zimetikisika. Tafuta jiwe kavu, bonyeza stendi kwa mkono uone kama inacheza. Wakati wa kusi ishushe chini, usivute nguzo ya katikati. Vaa viatu vya soli ngumu, maana miamba ya matumbawe inakata.

Hatua ya 3: Panga kamera

ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata iwe wazi nusu sekunde. Jua likishapanda, mipangilio hiyo itaipausha picha. Weka filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), ambayo hurefusha muda mara 64, yaani 1/125 ya sekunde inakuwa nusu sekunde. Kwenye simu tumia modi ya Pro, inayokuruhusu kupanga haya mwenyewe; stendi ni lazima vilevile.

Usitumie taima ya sekunde 2. Kwenye maporomoko ya mlimani inafaa, kwa kuwa maji hayakatiki. Hapa, taima ikimaliza kuhesabu, maji yameshatoka jiweni. Tumia rimoti au waya wa kubonyezea.

Hatua ya 4: Subiri wimbi lirudi

Wimbi likipiga jiwe, usibonyeze. Utapata povu tupu. Liache lipande, lisite, kisha litazame likigeuka. Maji yanakusanyika kwenye vishimo vya jiwe, yanajaa hadi ukingoni, halafu yanamwagika kwa nyuzi nyeupe, kila uzi na njia yake, na katikati unaona weusi wa jiwe lililolowa. Hapo ndipo unabonyeza. Nusu sekunde inatunza nyuzi hizo. Ukifika sekunde 2 zinageuka ukungu, na sekunde 30 zinafanya bahari iwe kama maziwa. Kuna wanaoipenda hiyo. Mimi naona inaua wimbi.

Piga wimbi moja moja, hata 40, kwenye jiwe lilelile. Kuhamahama ndiko kunakokosesha picha.

Hatua ya 5: Kabla ya kuondoka

Kadiri maji yanavyopwa, kina mama huja kuchokoa pweza. Wasalimie, omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera, na ukikataliwa igeuze upande mwingine.

Chumvi usiifute kikavu, itakwaruza kioo cha lenzi. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi ya kunywa, gusa kioo taratibu mpaka chumvi iyeyuke, ndipo ukaushe. Miguu ya stendi ivute yote, isuuze hadi kwenye maungio, na iache wazi kivulini mpaka jioni.